Forester na kampa? Anza na hema

Kaka, umesema uko na Subaru Forester, watoto wawili, na wikendi mnapenda Naivasha na Nanyuki, sasa hujui ununue hema, trela ya kuvuta ama kampa, ile gari ya kulala ndani. Kampa sahau, hiyo ni nyumba nzima, na utaipaki wapi hapa mtaani? Mimi ningenunua hema nzuri ya chini. Ile ya juu ya gari ni tamu lakini angalia kwanza paa inaruhusiwa kubeba kilo ngapi, na kila ukitaka kwenda dukani lazima uikunje, hiyo kazi inachosha haraka.

Kama roho bado iko kwa trela basi chukua ndogo, na shughuli iko kwa kupanga mzigo: maji, betri, mtungi wa gesi, vyote vizito vikae mbele kidogo ya ekseli, ile chuma inayoshika magurudumu ya trela, ndio trela ilalie gari kwa kama asilimia 10 ya uzito wa trela yenyewe. Ukijaza nyuma itaanza kuyumba ukiongeza spidi, na ikiyumba usikanyage breki kwa nguvu, shika usukani ukiwa umenyooka utoe tu mguu kwa mafuta. Kuteremka Mai Mahiu weka gia ya chini mapema kabisa, usingoje mpaka breki zinuke.