Maswali ya Wasomaji: Kozi ya Haki za Binadamu Strasbourg

SWALI: Wahariri, shikamooni. Nimekubaliwa kwenye kozi ya kiangazi ya haki za binadamu Strasbourg, Ufaransa, mwezi Julai. Mwenzangu alinyimwa viza mwaka jana akiwa na barua kama yangu. Nifanye nini yasinikute hayo?
Mwanafunzi wa sheria, Dodoma

JIBU: Marahaba, na hongera sana. Barua ya kukubaliwa inaeleza unakokwenda. Ofisa wa viza anataka pia kujua nani analipa na kitu gani kitakurudisha nyumbani, na hapo ndipo maombi mengi huangukia.

Maombi ya viza ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ufaransa ikiwemo, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila sheria inaruhusu hadi 45. Kwa safari ya Julai, tafuta miadi Aprili. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ina kurasa 2 tupu, na itabaki hai miezi 3 baada ya kutoka Schengen. Bima ya safari ifikie euro 30,000 na ihusu nchi zote za Schengen, siku za njiani zikiwemo.

Kuhusu fedha, Ufaransa hutazamia euro 65 kwa siku ukiwa na hoteli iliyolipiwa, au 120 usipokuwa nayo. Toa taarifa ya benki ya miezi 3. Akaunti iliyokuwa na shilingi elfu 40, kisha juzi ikaingia milioni 5, humtia ofisa shaka. Kama ni mjomba aliyekutumia, ambatanisha barua yake, taarifa ya benki yake na uthibitisho wa kazi yake.

La kurudi nyumbani lithibitishwe na chuo chako: barua yenye mhuri inayosema uko mwaka wa ngapi na muhula unafunguliwa tarehe gani.

Ada ya viza ni euro 90, lakini mwanafunzi anayesafiri kwa masomo au mafunzo amesamehewa na ibara ya 16 ya Kanuni za Viza za Umoja wa Ulaya. Liulize hilo kabla hujalipa. Ada ya huduma ya kituo kinachopokea maombi ni kitu kingine. Na hata ukipata tiketi nafuu ya kushukia Frankfurt, viza iombe kwa mamlaka za Ufaransa, si za Ujerumani, maana Ufaransa ndiko utakakokaa siku nyingi.

SWALI: Mimi ni msaidizi wa kisheria, sikusoma sheria chuoni. Naogopa kuachwa nyuma darasani. Nisome nini kabla ya kwenda?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Dada, usianze na vitabu vinene. Soma hukumu moja nzima, na inayokufaa ni ya jamii ya Waogiek wa msitu wa Mau dhidi ya Kenya, iliyotolewa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, tarehe 26 Mei 2017. Isome na kalamu mkononi: nani analalamika, kwa nini mahakama ilikubali kulisikiliza shauri, ibara zipi zimevunjwa. Utagundua kwamba Waogiek hawakufika mahakamani wenyewe. Aliyelipeleka shauri ni Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwa kuwa Kenya haijatoa tamko la kuruhusu raia wake kushtaki moja kwa moja.

Kisha fungua Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu wa 1950. Kule mtu binafsi hupeleka lalamiko lake mwenyewe chini ya ibara ya 34, ndani ya miezi 4 tangu uamuzi wa mwisho wa nchini kwake. Mkataba wetu wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu unasema tu "muda unaofaa". Tena wetu unazitambua haki za watu kama jamii, ikiwemo ya maliasili katika ibara ya 21. Wa Ulaya hauna ibara kama hiyo. Mhadhiri wa Strasbourg atafundisha zaidi wa Ulaya, kwa sababu Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iko mjini humo. Ukienda bila kuujua wetu, utarudi na sheria usiyoweza kuitumia Mombasa.

Kazi zako za kila siku nazo ni mtaji. Andika kesi 2 ulizozishughulikia, nusu ukurasa kila moja, bila majina ya wahusika, na uzitafsiri kwa lugha ya kozi kabla hujapanda ndege. Kwenye mijadala ya vikundi ndizo zitakazokupa la kusema.