Jim Thorpe alimtangulia Bo Jackson

Hapana ndugu unayedai Bo Jackson, nyota wa Marekani wa miaka ya 1980, ndiye wa kwanza kulipwa kwa besiboli na futiboli ya Kimarekani pamoja: hakuwa wa kwanza. Jim Thorpe, wa kabila la Sac and Fox huko Oklahoma, alimtangulia kwa miaka 70 hivi. New York Giants, timu ya besiboli, walimsajili 1913, lakini kocha John McGraw alimsugulisha benchi mno. Msimu wake mzuri ulikuwa wa mwisho, 1919, alipofikisha wastani wa kupiga mpira wa .327, yaani karibu mara moja katika kila tatu, akiwa na timu ya Boston.

Kwenye futiboli ndiko alikotisha. Canton Bulldogs walimpa dola 250 kwa mechi mwaka 1915, pesa nene enzi hizo, na 1920 akawa rais wa kwanza wa ligi iliyokuja kuitwa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, huku bado anacheza!

Kinachoniudhi ni zile dhahabu mbili za Olimpiki ya Stockholm 1912. Alipokonywa kisa alilipwa vijisenti vya besiboli ya ligi ndogo North Carolina, 1909 na 1910, maana Olimpiki enzi hizo ilikuwa ya wasiolipwa tu. Alifariki 1953, IOC, kamati ya kimataifa ya Olimpiki, ikamrudishia ubingwa 1982, tena kwa kugawana na wengine. Kutambuliwa peke yake ilikuwa 2022.