Mungu mmoja, basi uovu umetoka wapi? Maswali yenu kuhusu Kabala

Safu iliyopita niligusia Kabala, elimu ya batini ya Wayahudi, nikaandika sentensi moja tu: kwamba watu wale walikuwa radhi kuingiza ugomvi ndani ya nyumba ya Mungu kuliko kukubali kuwa kuna nyumba ya pili. Sentensi hiyo imeniletea ujumbe mwingi kuliko safu nzima. Nimechukua saba. Mingine ilirudia yaleyale, na miwili ilikuwa matusi.

Asalamu alaikum ustadhi. Umesema Wayahudi hawa wanataja "sefiroti" kumi za Mungu. Hiyo si shirki iliyovishwa kanzu? (Msomaji, Tanga)

Waalaikumu salaam. Wayahudi wenyewe waliliuliza swali hilo kabla yako, tena kwa ukali zaidi.

Wanakabala wanasema Mungu katika dhati yake hasemeki. Wanamwita Ein Sof, Asiye na Mwisho, na hapo hapana sifa wala sura. Tunachokijua sisi ni njia kumi anazojidhihirisha kwazo: hekima, ufahamu, rehema, ukali wa hukumu, uzuri unaopatanisha rehema na ukali, na kuendelea hadi ya kumi, ufalme, iliyo karibu nasi. Hizo ndizo sefiroti. Kitabu chao cha kale, Sefer Yetzirah, kinasema zimeshikamana na asili yake kama mwali na kaa la moto. Washa jiko la mkaa jioni utazame. Mwali unaruka wa buluu, unaruka wa manjano, lakini hebu uchukue mwali peke yake uupeleke chumba cha pili. Moses Cordovero (1522–1570), aliyefundisha Safed huko Galilaya, alikuwa na mfano wake: nuru ya jua ikipita kwenye vioo vya rangi, ukutani utaona nyekundu na kijani, na jua lenyewe halijabadilika.

Je, majibu hayo yaliwatosheleza wote? Hapana. Rabi Isaac ben Sheshet, aliyezaliwa Barcelona mwaka 1326 akafia Algiers 1408, aliandika kuwa alimsikia mwanafalsafa mmoja akiwasema wanakabala hivi: Wakristo wanaamini watatu, hawa wanaamini kumi. Akamwendea mwanakabala aliyemheshimu, akamuuliza mnawezaje kuelekeza dua moja kwa sefira hii na nyingine kwa ile. Akajibiwa kuwa ni kama mtu anayemwomba mfalme haki, mfalme akaagiza hakimu amsikilize. Akiomba zawadi, inaagizwa kwa mtunza hazina. Rabi akakiri kuwa maelezo ni mazuri, kisha akauliza: lakini nani katutuma huko? Si bora kumwomba Mungu moja kwa moja? Akamkumbuka mwanachuoni Samson wa Chinon, aliyeisoma siri yote hiyo kisha akasema, "Mimi naomba kwa akili ya mtoto huyu."

Mimi naona mfano wa mtunza hazina ni dhaifu, maana mtunza hazina ni mtu mwingine kabisa, si mfalme. Wa mkaa una nguvu zaidi. Lakini hofu yako ya Tanga ilikuwapo Algiers miaka 600 iliyopita.

Bwana asifiwe. Isaya 45:7 katika Biblia yangu inasema Mungu "anahuluku ubaya". Wayahudi wanausomaje mstari huo? (Msomaji, Iringa)

Amina. Umesoma sawasawa. Kiebrania chake ni *ra*, "baya" lile la kawaida, na kitendo ni kilekile cha Mwanzo 1:1, Mungu alipoumba mbingu na nchi. Sura hiyo inaelekezwa kwa Koreshi, mfalme wa Uajemi.

Kila asubuhi Myahudi anayeswali husoma mstari huo katika baraka ya kwanza kabla ya Shema, shahada yao ya umoja wa Mungu, ila kwa badiliko moja. Anasema Mungu anaumba nuru na giza, anafanya amani "na kuumba vyote". Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi wa kale, yenyewe inauliza kwa nini, na jibu lake ni fupi: ni kauli njema zaidi. Ndani ya kitabu cha Isaya hawakugusa herufi hata moja. Walilainisha mdomoni tu, kama unavyomwambia mgonjwa "utapata nafuu" huku cheti cha daktari kikibaki kama kilivyo.

Na Shema yenyewe, "Sikiza, Ee Israeli, BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja", ina jambo ambalo huwezi kuliona katika tafsiri yoyote. Katika hati-kunjo ya Torati iliyoandikwa kwa mkono, herufi ya mwisho ya neno *ehad*, "mmoja", huandikwa kubwa kuliko jirani zake. Herufi hiyo ni daleti. Inafanana sana na reshi, tofauti ni pembe ndogo tu inayochomoza nyuma. Ukiipoteza pembe hiyo kwa uzembe wa kalamu, *ehad* linakuwa *aher*, "mwingine". Marabi wa kale walisema anayegeuza daleti hiyo kuwa reshi anaangamiza ulimwengu. Ishike pembe hiyo kichwani, tunaihitaji katika swali linalofuata.

Kama hakuna mungu wa pili, shetani kwao ni nani? (Msomaji, Mombasa)

Wanamwita kwa mahali zaidi kuliko kwa jina: *sitra ahra*, "upande mwingine". Neno *ahra* ni ndugu wa lile *aher* la juu. Kwa hiyo uovu, kwa maana fulani, ni "mmoja" aliyepotezewa pembe yake.

Kitabu cha Zohar, kilicho kikuu cha Kabala, kilichotokea Castile, Hispania, mwishoni mwa karne ya 13, kinaeleza hivi. Katika zile sefiroti kumi upo mkono wa kuume, rehema, na mkono wa kushoto, hukumu. Vyote viwili ni vya Mungu, tena vinahitajiana. Rehema isiyo na mpaka ni mafuriko. Hukumu ikijitenga na rehema, ikawaka peke yake, hapo upande mwingine huota. Uovu haukuletwa na mgeni. Ni ghadhabu iliyokosa wa kuituliza.

Mfano wao wanaoupenda ni kokwa na maganda yake. Zohar inasema jozi. Wewe wa Mombasa tumia nazi. Kumbi liko nje, kifuu ndani, na nyama ya nazi ndani zaidi. Ganda si nazi, lakini lilikua juu ya mti uleule, kwa maji yaleyale, na bila nazi ndani yake lisingekuwapo. Maganda hayo, *kelipoti*, hayana uhai wao wenyewe. Yanakula nuru yanayoinyonya kwa walio hai.

Kuna hadithi ndani ya Zohar inayonisumbua. Mfalme ana mwana mmoja mpendwa, anamwonya asimkaribie mwanamke mwovu. Kisha, ili kumpima, mfalme mwenyewe anamwita kahaba na kumwagiza akamtongoze kijana. Kahaba anafanya kazi aliyotumwa, na moyoni anatamani kijana amkatae. Ndivyo shetani alivyo: mtumishi. Umoja wa Mungu umesalimika, lakini sasa tuna baba anayemtegea mwanawe. Hiyo ndiyo bei ya ule ugomvi ndani ya nyumba nilioutaja mwanzoni. Ukiufunga mlango wa mungu wa pili, maswali yote yanahamia sebuleni kwa wa kwanza.

Kama Mungu yuko kila mahali, uovu ulipata wapi hata nafasi ya kukaa? (Msomaji, Goma)

Hili ndilo swali la Isaac Luria, mwalimu mkubwa wa Kabala. Alizaliwa Yerusalemu 1534, akakulia Misri, akahamia Safed 1570, na mwaka 1572 tauni ikamuua akiwa na miaka 38. Alifundisha pale chini ya miaka mitatu na kuandika kidogo mno. Mengi tuliyonayo yametoka kwa mwanafunzi wake Hayyim Vital.

Jibu la Luria linaanza kwa kugeuza swali lako: hata *dunia* ilipata wapi nafasi? Kama Asiye na Mwisho amejaza yote, hakuna uwazi wa kuweka hata chembe ya mchanga. Kwa hiyo tendo la kwanza la Mungu halikuwa kutoa kitu nje. Alijibana, akajivuta ndani, akaacha uwazi. Tendo hilo linaitwa *tsimtsumu*. Mama mja mzito anajua jambo hili kuliko wanafalsafa: viungo vya ndani husogea ili mwingine apate kukaa.

Kisha nuru ikarudishwa kidogo ndani ya uwazi, ikapokelewa na vyombo. Vyombo vitatu vya juu vilistahimili. Vya chini vilipasuka. Nuru nyingi ikarudi juu, lakini cheche zikaanguka pamoja na vigae, zikanaswa ndani yake. Wanafunzi wa Luria huzihesabu cheche za asili kuwa 288. Vigae ndiyo yale maganda, na uovu ni vigae vilivyofumbata cheche zisizokuwa zake. Kazi ya binadamu ni *tikuni*, kutengeneza: kila amri inayotimizwa na kila mlo unaobarikiwa hunyanyua cheche na kuirudisha. Siku cheche ya mwisho ikitoka, vigae havitakuwa na cha kula.

Zingatia kwamba hapa kuvunjika kunatangulia dhambi. Adamu hajazaliwa bado. Kwa Mkristo aliyezoea tunda la Edeni, huu ni mshtuko. Gershom Scholem (1897–1982), mtaalamu aliyeifanya Kabala isomwe vyuo vikuu, aliona humo kivuli cha Wayahudi kufukuzwa Hispania mwaka 1492: watu waliotawanyika wakahubiri nuru iliyotawanyika. Moshe Idel, mtaalamu wa Kabala aliyemfuata, alimpinga. Nami naona hoja ya Scholem ni tamu mno kuliko ushahidi wake.

Wengine walilikataa wazo la Mungu kuondoka mahali kihalisi. Shneur Zalman wa Liadi, rabi wa Ulaya Mashariki, katika kitabu chake Tanya kilichochapishwa 1796, alisema kujibana kule ni pazia kwa macho yetu tu. Kwake Mungu hakuna kilichobadilika. Kwa umoja wa Mungu hilo ni jibu safi kabisa. Kwa mtu mwenye jipu, kumwambia pazia ndilo tatizo si rahisi.

Nimeuziwa uzi mwekundu wa mkononi, nikaambiwa ni Kabala ya kuzuia husuda. Ni kweli? (Msomaji, Dubai)

Ni desturi ya watu, inayohusishwa na kaburi la Raheli karibu na Bethlehemu. Katika yote niliyoeleza hapo juu uzi haumo. Kama ulilipa bei ya pete, pole.

Mafundisho haya si hatari? Mtu anaweza kusema naingia dhambini kwenda kuokoa cheche. (Msomaji, Kampala)

Yupo aliyeshasema. Shabbetai Zvi wa Izmir alitangazwa masihi mwaka 1665 na Nathan wa Gaza, kijana aliyebobea katika mafundisho ya Luria. Wayahudi kutoka Yemen hadi Amsterdam wakafunga virago kungoja safari ya Yerusalemu. Septemba 1666 akafikishwa mbele ya sultani huko Edirne, akatoka na kilemba kichwani, Mwislamu. Wengi walilia wakarudi kazini. Nathan hakukubali: akaeleza kuwa masihi ameshuka ndani ya maganda kwa makusudi, kuziokoa cheche kutoka ndani. Wapo waliomfuata hata katika kusilimu. Wengine walifika mahali pa kufundisha kuwa kuivunja Torati ndiko kuitimiza.

Marabi hawakusahau. Walipokutana Brody mwaka 1756, baada ya fujo za kundi lililotokana na harakati hiyo, waliweka umri wa kusoma: Zohar kuanzia miaka 30, maandishi ya Luria 40.

Nilizika mtoto mwaka jana. Haya yote yanamfariji nani? (Msomaji, Dar es Salaam)

Pole sana dada. Sitakuambia habari za vigae.

Nitakuambia habari za mtu mmoja. Kalonymus Kalman Shapira alikuwa rebe, yaani kiongozi wa kiroho wa Kiyahudi, wa Piaseczno, karibu na Warsaw. Septemba 1939, Wajerumani wakiushambulia mji kwa mabomu, mwanawe wa pekee wa kiume alijeruhiwa, akafa. Rebe akaendelea kuhubiri siku za Sabato ndani ya gheto, mtaa walimofungiwa Wayahudi, hadi 1942, akiandika mahubiri yake. Alishika maneno ya Talmudi yasemayo kuwa Mungu ana vyumba vya ndani anamolia. Akasema maumivu ya Mungu ni makubwa kama Mungu mwenyewe, ndiyo maana yamefichwa. Chozi moja likiponyoka, dunia itaungua. Mtu aliyezidiwa na kilio chake anaweza kusukuma mlango na kumkuta humo. Rebe hakueleza uovu ulitoka wapi. Alisema tu nani yumo chumbani.

Katika hubiri moja la Hanuka, sikukuu ya taa ya Wayahudi, 1941, aliwaambia watu kuwa mateso kama haya yaliwahi kuwapata baba zao, kwa hiyo wasikate tamaa. Novemba 1942, baada ya wengi wa wasikilizaji wake kupelekwa kuuawa, aliirudia karatasi hiyo. Hakufuta kitu. Aliongeza maelezo pembeni: maneno yale yalifaa hadi mwisho wa mwaka wa Kiyahudi uliokuwa umeisha Septemba hiyo; mambo kama ya sasa hayajapata kutokea.

Yeye aliuawa 1943. Karatasi zilikuwa zimezikwa ardhini. Zilifukuliwa baada ya vita na kuchapishwa 1960, hubiri na maelezo yake, vyote viwili.