Msitu Mdogo wa Suffolk: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Mwezi uliopita nilieleza kwa ufupi matembezi yangu katika Bradfield Woods, msitu mdogo ulioko Suffolk, mashariki mwa Uingereza, kusini-mashariki mwa mji wa Bury St Edmunds. Barua zilizofuata zimenifurahisha sana, kwa kuwa nyingi zimetoka kwa watu waliokaa nchi hii miaka mingi, wakapita mashambani kwa gari mara mia, lakini hawajawahi kushuka na kuingia msituni. Nimechagua maswali saba, na baadhi nimeyajibu kwa urefu zaidi kwa sababu yanastahili.

Naishi Leicester. Kila nikiona kijia kinachokatiza shamba la mtu nasita, maana sijui kama naruhusiwa kupita au nitaulizwa natafuta nini. Sheria inasemaje?

Kusita kwako nakuelewa, ndugu yangu, kwa sababu hata mimi kulinipata. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilifika ukingoni mwa shamba la ngano, nikaona kijia kinaingia moja kwa moja katikati ya ngano, nikageuka na kurudi kwa barabara ya lami isiyo na njia ya waenda kwa miguu, magari yakinipita kwa kasi kiasi cha kunipeperusha koti. Nilikuwa nimeacha njia salama niliyo na haki nayo, nikachagua ya hatari.

Uingereza ina mtandao mkubwa wa njia za umma zinazopita katika ardhi za watu binafsi, na haki ya kuzipita ni ya kila mtu, awe raia au mgeni, bila kuomba ruhusa na bila kueleza sababu. Njia ya waenda kwa miguu huonyeshwa kwa mshale wa manjano uliopigiliwa kwenye nguzo au kwenye lango, na ile inayoruhusu pia farasi na baiskeli huwa na mshale wa buluu. Njia ikikatiza mazao, mkulima analazimika kuhakikisha kwamba mstari wake unaonekana na unapitika, nawe unafuata mstari huo huo. Haki hiyo ni ya kupita, kusimama ukapumzika na kutazama. Si haki ya kutawanyika shambani, kuwasha moto wala kupiga hema.

Msitu una hesabu yake. Sheria ya mwaka 2000 ilifungulia umma maeneo ya wazi yaliyochorwa rasmi kwenye ramani, kama vile milima, nyika za vichaka na ardhi za jumuiya zilizosajiliwa, lakini haikufungua kila msitu. Msitu usio na uzio waweza kuwa wa mtu, na huna haki ya kuingia isipokuwa njia ya umma inaupitia au mwenyewe ameuachia wageni. Bradfield Woods ni hifadhi ya shirika la Suffolk Wildlife Trust, na wageni wanakaribishwa. Kwingineko, nunua ramani ya Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, ya kipimo cha 1:25,000, ambayo huchora njia za umma kwa vistari vya kijani vilivyokatikakatika. Ukiwa na ramani hiyo mkononi hutasita tena ukingoni mwa ngano. Na ikitokea umepotea njia ukaambiwa hivyo, omba radhi na urudi ulikotoka.

Yako pia mambo matatu ya adabu ambayo watu wa vijijini huyatilia maanani sana. Lango uliache kama ulivyolikuta, likiwa wazi liwe wazi, likiwa limefungwa lifungwe. Ng'ombe wenye ndama wazungukie mbali, hasa ukiwa na mbwa. Na mnayekutana naye njiani msalimu. Mjini London watakushangaa, lakini kijijini asiyesalimu ndiye anayeshangaza.

Nina watoto wawili, wa miaka sita na tisa. Tuje majira gani ili waone maua?

Njooni kati ya wiki ya mwisho ya Aprili na katikati ya Mei. Hapo ndipo blubeli, ua la buluu iliyoiva lenye umbo la kengele ndogo, hufunika sakafu ya misitu mingi ya kale ya nchi hii. Huchanua mapema kwa sababu hulazimika kuwahi mwanga kabla majani ya miti ya juu hayajafumba paa la msitu. Mkitangulia kidogo, mwanzoni au katikati ya Aprili, mtakuta ua jingine ambalo mimi nalipenda zaidi, nalo ni oksilipi: shina moja lililosimama wima, na juu yake kishada cha maua ya manjano hafifu yote yakiinamia upande mmoja. Ua hili nchini Uingereza humea karibu tu katika misitu ya kale ya eneo hili la mashariki, kwenye udongo wa mfinyanzi wenye chokaa.

Watoto waelezwe kabla ya kushuka garini kwamba hatutoki nje ya njia. Jani la blubeli likikanyagwa haliwezi tena kulisha kitunguu chake kilichoko ardhini, na mahali palipokanyagwa sana huchukua miaka mingi kurudi. Nimeona familia ikiingia katikati ya maua kwa ajili ya picha moja, na wiki iliyofuata pale walipokuwa wameketi palikuwa na duara la majani yaliyolala, yenye rangi ya mboga iliyochemka. Kuyang'oa na mizizi yake bila idhini ya mwenye ardhi ni kosa kwa sheria ya mwaka 1981. Mpe kila mtoto lenzi ndogo ya kukuzia akae njiani atazame ua moja, naye ataona mengi kuliko akikimbia katikati ya elfu.

Mimi ni mstaafu wa Lushoto. Nilipomtembelea binti yangu mwezi Februari, niliona watu wakikata miti kwa misumeno ndani ya hifadhi, na ubao wa hifadhi umesimama pale pale. Kwetu hilo ni kosa. Je, wanauharibu msitu wao?

Shikamoo, mzee wangu. Swali lako ndilo nililokuwa nikilisubiri, kwa sababu asiyelijua jibu lake hataelewa anachokitazama katika Bradfield.

Mti ukiukata karibu na ardhi wakati wa baridi, ukiwa hauna majani, mizizi yake hubaki hai, na masika kisiki hutoa machipukizi mengi kwa mkupuo. Wewe umeona mikaratusi ikifanya hivyo. Hapa hufanywa kwa miti ya asili, hasa heizeli, ule unaozaa njugu, na ashi, mti mrefu wenye mbao ngumu zinazonepa. Machipukizi huachwa yakue kwa miaka kadhaa, kuanzia kama 7 hadi 25 kutegemea mti na kinachotakiwa, kisha hukatwa tena kwenye kisiki kile kile. Hawakati msitu mzima. Kila mwaka hukatwa kipande kimoja, na vipande vingine vinakuwa katika umri tofauti tofauti.

Katika Bradfield kazi hiyo ina kumbukumbu tangu mwaka 1252, wakati msitu ulipokuwa mali ya watawa wa abasia ya Bury St Edmunds. Abasia ilifungwa mwaka 1539 katika utawala wa Henry VIII, lakini ukataji haukukoma. Fimbo za heizeli zilisukwa na kukandikwa udongo ziwe kuta za nyumba, na kuta hizo ukiziona kwa ndani utazitambua mara moja, kwa kuwa ni nyumba ya fito na udongo kama tuijuavyo. Mji wa Lavenham, usio mbali na hapo, umejaa nyumba za mbao za namna hiyo zenye umri wa karne tano na zaidi. Ashi nayo ilitoa mipini ya reki na majembe.

Sasa tazama kinachotokea mwanga unapofika chini. Kipande kilichokatwa Februari huonekana kibaya, nakubaliana nawe: visiki vyenye mkato mweupe, matawi yamerundikwa, matope. Kufikia mwisho wa kiangazi machipukizi ya heizeli huwa yamefika kimo cha mtoto au kupita, na masika ya pili na ya tatu ndipo maua yaliyokuwa yamedumaa gizani huchanua kwa wingi usiouona penginepo msituni. Vipepeo hufuata maua. Baadaye machipukizi yakisongamana huwa maficho ya ndege, na ya panya mdogo wa rangi ya dhahabu alalaye usingizi wakati wote wa baridi, ambaye sheria inakataza kumsumbua. Adui wa mpango huu ni kulungu, wanaokula machipukizi yakiwa laini, na ndiyo sababu visiki vingine umeviona vimezungushiwa matawi makavu au uzio.

Uharibifu wa kweli uliwahi kutokea, ila haukufanywa na watu hawa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 sehemu ya msitu ilifyekwa na kung'olewa visiki ili pawe mashamba. Kilichobaki kiliokolewa na watu waliokipigania na kukinunua kwa ajili ya hifadhi. Kisiki kilichokatwa kinachipua. Kisiki kilichong'olewa kimekwisha. Sisemi kwamba kanuni hii ihamishiwe katika misitu ya Usambara, ambayo ina miti mingine, mvua nyingine na historia nyingine. Kila msitu una tabia ya miti yake.

Ukija tena, muombe binti yako akupeleke kwenye vile visiki vikubwa vya ashi. Kwa mbali utadhani ni miti kadhaa iliyoota kwa duara, lakini ukisogea utaona kwamba yote imetoka kwenye kisiki kimoja ambacho katikati yake kilioza zamani na pembeni kikaendelea kutanuka, kijani cha kuvu-mwani kikiwa kimefunika magome. Oliver Rackham, mwanazuoni aliyeichunguza misitu ya Uingereza kuliko wengi, alikadiria kwamba mmoja wa miti hiyo una umri usiopungua miaka 1,000. Mti ambao haukukatwa haufiki umri huo. Ashi iliyoachwa ikue yenyewe kwa kawaida huanguka ndani ya karne mbili au tatu. Kinachonihuzunisha ni kwamba ugonjwa wa kuvu uliotoka Asia ya Mashariki, ambao katika misitu ya Uingereza uligunduliwa kwanza mwaka 2012 katika mkoa jirani wa Norfolk, sasa unaiua miti ya ashi kote nchini. Utaona vilele vilivyokauka. Nenda ukavione visiki hivyo ukiwa bado na nguvu za kutembea, navyo vikiwa bado hai.

Sina gari. Nitafikaje kutoka London, na kiingilio ni kiasi gani?

Panda treni hadi Bury St Edmunds. Utabadilisha njiani, Ipswich, Stowmarket au Cambridge kwa kutegemea ratiba. Kutoka mjini hadi msituni ni safari fupi ya teksi, na ya kurudi uiagize kabla, kwa sababu mabasi ya vijijini ni machache na mtandao wa simu hukatika. Kiingilio hakuna, mchango wako unapokelewa kwa shukrani.

Nina likizo ya Desemba tu. Inafaa kuja?

Inafaa, mradi uheshimu saa. Sisi tuliozoea jua kutua karibu saa 12 jioni mwaka mzima husahau kwamba huku mwezi wa Desemba jua hutua kabla ya saa 10 alasiri, wakati mwezi wa Juni hubaki juu hadi baada ya saa 3 usiku. Uwe msituni saa 4 asubuhi na uwe umetoka saa 8 na nusu mchana. Vaa mabuti ya mpira yanayofika chini ya goti, kwa kuwa udongo wa Bradfield ni mfinyanzi ushikao maji, na ubebe chupa ya chai. Utakachokipata ni umbo la msitu lisilofichwa na majani, na sauti ya misumeno ya wale ambao mzee wa Lushoto amewauliza.

Nimeambiwa kuna kupe wanaoleta ugonjwa. Ni kweli, au ni vitisho?

Ni kweli, na kinga yake ni rahisi. Kupe wa huku wanaweza kubeba ugonjwa wa Lyme, ingawa si kila kupe anao. Vaa suruali ndefu, chomeka miguu yake ndani ya soksi, tembea katikati ya njia, na jioni jikague mwili mzima pamoja na watoto, hasa nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi na umvute polepole moja kwa moja juu. Usimpake mafuta wala usimchome kwa moto. Likitokea duara jekundu linalotanuka katika wiki au miezi michache ifuatayo, au homa isiyoelezeka, mwone daktari na umwambie wazi kwamba uliumwa na kupe, kwani ugonjwa huu hutibiwa kwa antibiotiki.

Niko Kisangani. Je, ndege wa misitu hiyo wana uhusiano wowote na sisi?

Wanao, na mmoja wao ni jirani yenu kwa miezi mingi zaidi kuliko yetu. Kekeo, yule mwenye mlio wa sauti mbili, hufika Suffolk na Norfolk kuanzia Aprili. Mwaka 2011 watafiti wa British Trust for Ornithology, taasisi yenye makao yake Thetford, karibu na hapa, waliwavisha kekeo madume watano wa Norfolk vifaa vya setilaiti, na ndipo ilipojulikana kwamba msimu wa baridi huupitisha katika misitu ya bonde la Kongo. Wengine hushuka kupitia Hispania, wengine kupitia Italia, kisha huvuka Sahara. Wengi wa madume huondoka huku mapema, mwezi Juni, kwa kuwa kekeo hutaga katika viota vya ndege wengine na hana mtoto wa kulea. Kinda lake hulelewa na ndege mdogo asiye wa kabila lake, kisha hufunga safari peke yake, bila mzazi wa kumwonyesha njia. Idadi yao Uingereza imepungua sana, na asubuhi ninayomsikia huwa naisimulia nyumbani.

Huko kwenu hunyamaza karibu kabisa, kwa hiyo mtafuteni kwa macho: ndege wa kijivu mwenye mkia mrefu na tumbo lenye mistari myembamba ya kukingama kama ya kipanga, juu ya vilele vya miti, miezi ya Desemba na Januari.