Waini nyekundu ya shamba la familia: maswali yenu kutoka Malindi na Watamu

Msimu wa wageni ukianza tu simu yangu inajaa meseji za waini. Naelewa sababu, mji wetu una Wataliano tangu enzi za San Marco, kile kituo chao cha kurusha roketi kule Ngomeni, na wengi wakija wanabeba chupa za kwao, si za kiwandani, ni za vishamba vya familia ambako baba na watoto wanalima zabibu wenyewe, wanakamua wenyewe, wanajaza chupa wenyewe. Wakiondoka chupa zinabaki kwenu. Haya tuanze.

Bosi kaniachia chupa ya Nebbiolo ya binamu yake wa Piemonte. Nimeifungua rangi hafifu, naona vidole vyangu upande wa pili wa glasi. Wametia maji? (Mlinzi, Casuarina)

Hapana kakangu, hawajatia kitu, Nebbiolo ni aina ya zabibu ya Piemonte, kaskazini mwa Italia, na ndivyo ilivyo. Rangi ya waini nyekundu inatoka kwenye ganda, maana zabibu nyeusi karibu zote ukizikamua maji yake ni meupe tu, ndio wakaziacha zilale na maganda yake siku kadhaa, wengine wiki kadhaa, mpaka rangi ishuke. Sasa ganda la Nebbiolo lina rangi kidogo lakini lile jambo linalokausha mdomo limejaa tele, yaani ukimeza unahisi fizi zimekamatwa kama umetafuna ndizi mbichi. Hebu weka karatasi nyeupe mezani, inamisha glasi juu yake uangalie ukingoni, utaona wekundu unaelekea rangi ya tofali. Hiyo ndiyo yenyewe, na Barolo yenye jina kubwa inatokana na zabibu hiyohiyo. Ukitaka kinyume chake tafuta Barbera, zabibu nyingine ya hukohuko Piemonte, hiyo ni nyeusi inakaribia zambarau, haikaushi sana mdomo ila ina uchachu wa kutosha. Kwa hiyo rangi isikutishe, na usiinywe tupu, tafuta nyama ule nayo.

Mbona chupa ya familia ndogo inauzwa elfu kadhaa na boksi la supamaketi halifiki hapo? (Dada wa Maweni)

Dadangu chukua Barolo hiyohiyo tuhesabu. Sheria yao inasema ekta moja, kama ekari mbili na nusu za kwetu, isitoe zaidi ya tani 8 za zabibu, na hizo zikikamuliwa unapata kama chupa elfu 7 na kidogo, basi, mwaka mzima. Halafu haiuzwi, inakaa miezi 38 kabla ya kutoka, 18 kati ya hiyo ndani ya pipa la mbao, na muda wote huo familia inalipa vibarua na mapipa bila kuona hata senti ya zao lile. Mvua ya mawe ikipiga mwezi wa nane, saa moja tu, zao limekwenda. Kiwanda kikubwa kinanunua zabibu na waini huku na kule kinachanganya mpaka ladha ya mwaka huu ifanane na ya mwaka jana, mwenye shamba dogo hana pa kuchanganyia, jua likizidi utalionja kwenye glasi, mvua ikizidi pia utaionja. Mimi hilo ndilo nalolipenda na ndilo nalolipia. Lakini nisikudanganye, si kila familia inajua kazi, zipo chupa za familia chungu kabisa na zipo za kiwanda safi, jina la babu kwenye karatasi halifanyi waini kuwa tamu.

Nitajuaje kweli ni ya familia na si ujanja wa biashara? (Watamu)

Geuza chupa, soma nyuma. Ukikuta "azienda agricola" maana yake ni shamba, kwa kawaida wanatumia zabibu zao wenyewe, na ukikuta "imbottigliato all'origine" imejazwa kwenye chupa hukohuko ilikotoka. Picha ya kasri na neno "famiglia" kwa herufi za dhahabu mbele si ushahidi wa chochote. Wapo pia waliojiunga na FIVI, chama cha wakulima wa zabibu wanaojitegemea kilichoanza 2008, alama yao ni mtu kabeba kikapu kichwani. Na chupa za DOCG, daraja la juu kabisa la waini za Italia, zina kikaratasi chenye namba shingoni, hicho kinatoka serikalini.

Ukinunua dukani hapa kwetu angalia stempu ya KRA, una simu, iskani kwa app ya Soma Label. Msidharau hili jamani. Hata Italia kwenyewe, 1986, kuna watu walitia methanoli kwenye waini za bei rahisi wakafa zaidi ya watu 20, na hapa Kenya tumezika wangapi kwa methanoli kwenye pombe za mitaani.

Niliweka chupa juu ya friji tangu Krismasi, nimefungua juzi inanuka kama jamu iliyoungua. Ilikuja mbovu? (Barani)

Ilikuja nzima mamangu, joto ndilo lililoipika. Hili linaniuma kila mwaka, mtu katoka Asti na chupa kaifunga kwenye shati isivunjike, kaja kumpa rafiki yake kwa moyo safi, halafu inakaa juu ya friji ambapo mashine inapuliza joto mchana na usiku, tena kaskazi! Juu ya nyuzi 25 wiki baada ya wiki waini inazeeka haraka na harufu ya matunda inakufa. Maduka nayo ni hayohayo, chupa imesimamishwa dirishani jua la saa tisa linaipiga. Kabla ya kununua pitisha kidole shingoni, ukihisi kunanata au koki imepanda juu kidogo, rudisha.

Nyumbani ilaze, koki ibaki na unyevu, chini kabisa ya kabati, chumba cha ndani kisichopigwa na jua. Nyumba za zamani za mawe zenye kuta nene zinafaa sana. Na wanaposema waini nyekundu inanyweka na joto la chumbani, chumba hicho ni cha Ulaya, nyuzi 16 mpaka 18, si sebule ya Malindi. Itie friji nusu saa ndio uifungue. Ikibaki, ifunge na koki irudi friji, ina siku tatu nne. Ukikuta machicha chini ya chupa ya miaka mingi si uchafu, mimina taratibu uyaache.

Inakwenda na samaki?

Wa kupaka hapana, nazi na pilipili na waini inayokausha mdomo zinagombana. Jodari wa kuchoma na Barbera iliyopoa, hapo ndio. Mishkaki pia.

Nyumba yetu hatunywi, dini. Jirani Mtaliano kaniambia niipikie nyama, eti pombe inaisha yote motoni. (Msomaji wa Shella)

Jirani yako hana nia mbaya lakini si kweli. Ikichemka robo saa bado inabaki kama asilimia 40 ya pombe, hata saa mbili na nusu inabaki kama 5. Kwa hiyo kama nyumba haiingizi, isiingie hata sufuriani. Mrudishie kwa upole umwambie sababu, Wataliano wa hapa wameishi na sisi miaka wanaelewa, na kama moyo wake ni kukupa kitu mwambie kahawa au mafuta ya zeituni.

Mwanangu anarudi kutoka Torino, aje na chupa ngapi bila ushuru?

Awe ametimiza miaka 18, na waini isizidi lita 2. Chupa ya kawaida ni mililita 750, kwa hiyo mbili zinapita, ya tatu imeshavuka. Na aziweke kwenye begi la chini ya ndege, mkononi viwanja vingi hawampitishi nazo.