Mweusi, lakini si Mmarekani

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mfanyakazi mwenzangu ametoka Kolombia, mweusi kuliko hata mimi. Nilipomwita "Mmarekani Mweusi" alininunia siku nzima. Nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ulimpachika utaifa wa watu wengine! Kwao Kolombia, karibu na mji wa Cartagena, kuna San Basilio de Palenque, kijiji cha wazao wa watumwa waliotoroka. Lugha yao ni krioli, yaani lugha iliyozaliwa kwa mchanganyiko wa lugha: Kihispania kilichochanganyika na maneno ya Kikongo, ndugu wa Kiswahili chako. Kwenye visiwa vya San Andrés wako Waraizal, weusi pia, ila wao krioli yao imetokana na Kiingereza. Kolombia hiyohiyo moja! Muombe radhi, kisha muulize yeye hujiitaje. Na usianze kumsimulia habari za Harlem, ule mtaa wa Wamarekani Weusi kule New York.