Usifute package-lock.json

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Niko Sinza, natunza mfumo wa mauzo wa duka la jumla Kariakoo. Wiki iliyopita mtandao ulisuasua, kubildi (kuunda programu) kukagoma. Jamaa mmoja akaniambia nifute package-lock.json na folda ya node_modules, kisha niendeshe npm install. Kweli ikapita, ila tangu hapo kwenye risiti siku na mwezi vimebadilishana nafasi. Sijagusa hata mstari mmoja wa msimbo. Seva imeharibika?

Jibu: Seva ni nzima, ndugu yangu. Kilichobadilika ni maktaba unazozitegemea, yaani msimbo wa watu wengine ambao npm huupakua na kuuweka kwenye mradi wako, na anza kwa kuchunguza ile inayopanga tarehe.

Ushauri huo wa kufuta naukuta kila mara na unanikera, kwa sababu kosa hutoweka papo hapo na aliyeutoa akaonekana bingwa. Faili lile la package-lock.json si takataka. Limeandikwa toleo kamili la kila maktaba, hata zile zilizoletwa na maktaba nyingine, pamoja na hashi (alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili) ya kuhakikisha kwamba ulichopakua leo ndicho kile cha jana. Ukilifuta, npm inarudi kwenye package.json, orodha ya maktaba ulizoziomba, ambako ^4.1.0 maana yake ni toleo lolote kuanzia hapo hadi kabla ya 5.0.0. Umeingiza dukani kwa mteja msimbo wa watu usiowajua, ambao hata wewe hujaupima.

Lirudishe faili kutoka Git, mfumo unaotunza matoleo ya zamani ya msimbo wako, lile la kabla ya siku hiyo, kisha endesha npm ci. Amri hiyo hufuata kufuli, yaani package-lock.json, jinsi lilivyo, na lisipowiana na package.json hukataa kuendelea.

Mtandao kusuasua ni jambo jingine kabisa. Kufuli halihifadhi msimbo wenyewe, hivyo bado unaupakua mtandaoni. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, kila aliyetaka kupakua kutoka nje alihangaika. Weka ofisini seva ya akiba kama Verdaccio, inayotunza nakala za maktaba ulizokwisha kupakua. Itakusaidia pia siku mwenye maktaba akiamua kuiondoa, kama ilivyotokea Machi 2016 kwa left-pad: mistari 11 tu, na miradi mingi duniani ikagoma kubildi.

Na tarehe iliyogeuka ni hasara ndogo. Mwaka 2018 mtu aliyekabidhiwa uangalizi wa event-stream, maktaba iliyotumiwa mno, aliiongezea tegemezi jipya (maktaba nyingine inayoitegemea), flatmap-stream, lililokuja kubeba msimbo wa kuiba bitkoini kwenye pochi za Copay. Lilipita ndani ya toleo dogo, 3.3.6, la aina ileile ambayo alama ya ^ huiruhusu bila kukuuliza. Hadi linagunduliwa Novemba, aliyekuwa na kufuli la zamani hakuguswa. Aliyefuta kufuli lake alilipakua tegemezi hilo kwa mkono wake.